Sumu Isiyo na Mwenyewe

Ng'ombe wa kijiji walipoanza kufa, hakuna aliyeuliza wamekufa na nini. Watu waliuliza Wanzagi alikuwa wapi.

Alikuwa wapi? Alikuwa kwake! Alikaa kwenye kigoda akiwapaka ng'ombe wake mrututu kwenye kwato, kama alivyofanya miaka nenda miaka rudi, na kopo lake liko wazi hapo miguuni, mpita njia yeyote alione. Mrututu ni dawa ya punje za buluu, inauzwa Musoma mjini dukani kwa Hamduni, na hakuna mfugaji wa upande ule asiyeijua. Sasa, bahati mbaya, asubuhi hiyohiyo ghuba nayo ilikuwa imegeuka buluu. Wala si ile buluu ya ziwa ukilitazama kwa mbali, kisiwa cha Rukuba kikionekana kule. Hii ilikuwa buluu ya kufulia mashuka. Ilishika mawe ya ufukweni, ikashika miguu ya ng'ombe na midomo yao, na kundi la kijiji lililokunywa pale lilianza kuyumba kabla halijafika zizini.

Watu wakaweka buluu na buluu pamoja, wakapata Wanzagi.

Hawakuhangaika sana, maana walikuwa wanamtafutia sababu siku nyingi. Operesheni ya vijiji ilipopita, wenzake walifunga mizigo wakahamia kwenye viwanja walivyopimiwa. Wanzagi aliwangoja mpaka wakaja kumwezulia paa, yeye yumo ndani anakunywa uji. Akahama, ndiyo, lakini ng'ombe wake akakataa kuwachanganya na kundi la kijiji, na maji akawanywesha chemchemi ya juu kilimani. Alisema ule utando wa kijani unaokaaga ghubani siku za jua kali unanuka, na ng'ombe wake hawanywi kitu kinachonuka. Basi ng'ombe wa kijiji wakafa, wa kwake wakabaki wamelala wanacheua. Hapo utamweleza nani akuelewe?

Boniphace, mwenyekiti wa kijiji, hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alikuwa mchapakazi aliyetoka upande wa Bunda, na lile kundi lilikuwa jasho lake. Alilikusanya ndama kwa ndama, akazunguka nyumba kwa nyumba kubembeleza watu watoe. Alipoliona limelala chini limevimba, alilia mbele za watu bila kuficha. Halafu akafuta machozi, akaitisha mkutano, akamtaja Wanzagi kwa jina. Ng'ombe wa Wanzagi wachukuliwe kufidia kundi, akasema, na yeye mwenyewe aondoke kijijini.

Wanzagi akasimama. Alikuwa mrefu, mkavu, na mkutano mzima ukamgeukia.

"Sikumwaga kitu," akasema. "Na kwa kuwa sikumwaga kitu, yale maji ni maji tu. Niiteni kwenye kiapo. Choteni kibuyu kizima palepale walipokunywa ng'ombe, mimi nitakunywa mbele yenu. Nikianguka, chukueni ng'ombe wangu wote. Nikisimama, Boniphace atakuja mlangoni kwangu kwa magoti."

Loo, zogo! Chama na serikali vilikuwepo, makanisa yalikuwepo, lakini neno kiapo likitamkwa watu wa kule husogea mbele kusikia vizuri. Kiapo kilikuwa na mtu wake, mzee mmoja aitwaye Mwikwabe, ambaye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kushika kibuyu cha kiapo. Mwikwabe alikuwa amekwenda Butiama kwenye matanga ya dada yake. Wakakubaliana wamngoje arudi.

Wankyo alifika mambo yakiwa hapo. Alikuwa binti wa Wanzagi, mzaliwa wa kwanza, na mtu wa kwanza wa ukoo ule kukanyaga chuo kikuu, na kichwa chake kigumu hakukiokota njiani. Alishuka treni Mwanza, akapanda basi la kupitia Bunda, akafika nyumbani na vumbi mpaka kwenye kope, akitamani ugali wa mtama na sato wa kuchemsha. Mama yake, Penina, alimpokea kwa kilio.

"Baba yako anataka kujiua kwa ubishi," Penina akasema. "Kamwambie wewe. Mimi nimesema mpaka koo limekauka."

Aliposimuliwa yote, Wankyo hakwenda kwa baba yake kwanza. Aliweka sanduku chini, akateremka ghubani na viatu vyake vya safari.

Alianza kuisikia harufu kabla hajafika, harufu ya kabichi iliyooza. Katikati ya ghuba utando ulikuwa bado wa kijani, mzito, umetulia. Lakini pembeni ulikuwa umekatika vipande vilivyopauka, na katikati ya vipande hivyo maji yalikuwa buluu tupu. Akachota kwa kiganja. Mikono ikabaki na rangi.

Kitu hiki alikuwa amekisoma. Huko Dar es Salaam kazi yake ilikuwa mwani. Yeye na mwalimu wake walikuwa wakitembea juu ya miamba maji ya bahari yakipwa, wakiokota mwani mwekundu uliokuwa unapoteza rangi yake madoamadoa, kama nguo iliyomwagikiwa dawa. Mmea wa majini hupika chakula chake kwa jua, na jiko lake ni ile rangi. Rangi ikiondoka, jiko limezimika. Mwalimu alikuwa anahisi kwamba mwani ule unaugua, kwamba umeingiwa na virusi, vijidude vidogo mno, vinavyozaliana ndani ya mmea mpaka rangi inaharibika. Kwa utando wa ziwani alimwambia ni vilevile. Ule una rangi mbili, kijani na buluu. Ukiwa mzima buluu huioni. Ukiugua unapasuka, kijani kinafifia juani, buluu inamwagika majini. Na kama utando wenyewe ni wa ile aina yenye sumu mwilini mwake, sumu nayo inamwagika.

Mwalimu alikuwa anahisi tu, hakuwa na hakika. Na Wankyo alijua kwamba baba yake hakubali kuokolewa na hisia ya mtu.

Alimkuta Wanzagi kwenye kigoda, amekunja miguu, hana habari.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekonda. Huko hawawapi chakula?"

"Baba, yale maji usiyanywe. Yana sumu."

Wanzagi akamgeukia. "Kumbe hata wewe unasema nimetia."

"Sijasema umetia. Nasema ipo."

"Imeingiaje kama sikuitia? Ina miguu?"

Wankyo akamweleza. Alieleza yote, jiko la mmea, rangi mbili, vijidude. Wanzagi alisikiliza kwa heshima, kama anavyosikilizwa mgeni.

"Kwa hiyo utando unaumwa."

"Unaumwa, baba."

"Una homa? Unakohoa?"

Wankyo akacheka ingawa hakutaka, na akiwa katikati ya kicheko machozi yakamtoka. Wanzagi akaacha mzaha.

"Sikiliza, mama," akasema taratibu. "Wameniezulia nyumba, nikanyamaza. Wamepitisha kamba ya viwanja katikati ya mihogo yangu, nikanyamaza. Leo wananiita muuaji wa ng'ombe. Mimi! Mimi nilikuwaga nalala zizini ng'ombe akizaa. Nikikataa kunywa, mpaka nakufa, mpaka na wewe unakufa, tutaitwa watu wa sumu. Sitaki. Heri nife nimesimama."

"Hutakufa umesimama. Utakufa umelala chini unatapika, kama wale ng'ombe, na Boniphace atasema si mnaona?"

Hilo lilimwingia. Akaokota punje ya mrututu iliyobaki chini baada ya kopo lake kunyang'anywa, akaivunja kwa kidole.

"Haya," akasema. "Boniphace akisimama mbele za watu, kwa mdomo wake, akasema Wanzagi hakutia kitu, sitakunywa. Mwingine yeyote akisema, nakunywa. Hapo nimemaliza."

Kesho yake Wankyo alitembea mpaka misheni ya Nyegina, akaonana na Sista Hyasinta wa zahanati. Sista alimpa chupa tupu za dripu, zile za kioo cheupe, na baada ya kubembelezwa sana akamwazima chujio la maji la masista, lenye mshumaa mweupe wa udongo ndani yake. Maji yanapita kwenye ule mshumaa tone kwa tone, na uchafu wote unabaki nyuma, hata vijidude vya kuhara; virusi tu, kwa udogo wao, ndivyo vinavyopenya.

"Ukilivunja," Sista Hyasinta akasema, "usirudi hapa. Hamia Rukuba kabisa, ukakaange dagaa."

Ofisi ya kijiji ilikuwa chumba kimoja chenye baraza, na siku Wankyo alipokwenda watu walikuwa wamejaa hapo na mizigo yao ya pamba. Hakungoja zamu. Aliweka chupa zake kwenye ukuta wa baraza, mbele ya Boniphace.

"Ndugu Mwenyekiti, unasema ni mrututu uliomwagwa ghubani. Mimi nasema si mrututu."

"Binti, hapa si shule."

"Ndiyo maana sifundishi mimi. Mkono uwe wako, kufuli liwe lako, na mrututu uwe huohuo mliomnyang'anya baba. Mimi sigusi kitu."

"Nina kazi."

"Unaogopa nini? Chupa?"

Watu wakaangua kicheko. Boniphace alikuwa na kasoro moja, hakuweza kuchekwa. Akasimama, akakunja mikono ya shati.

"Niambie nifanye nini," akasema.

Akafanya. Alijaza chupa mbili maji ya kijani, ya utando mzima kutoka ng'ambo ya mawe ambako ugonjwa haukuwa umefika. Chupa ya kwanza akaitia punje za mrututu. Ya pili akaitia matone ya maji ya buluu ya ghubani, yaliyokwisha kupita kwenye chujio, hayana hata chembe ya utando. Akaziweka dirishani, juani, akafunga chumba kwa kufuli lake, ufunguo akautia mfukoni.

"Sasa sikieni," Wankyo akawaambia waliokuwepo. "Sumu ukiiongezea maji inachoka. Ugonjwa hauchoki, unazaa. Kila chupa itakapobadilika, Mwenyekiti atachota tone moja atie kwenye chupa nyingine nzima, ya kijani. Kama ghubani kulimwagwa mrututu, tone la buluu litachoka kama mrututu. Lisipochoka, muulizeni nani amemsingizia nani."

Maneno makubwa! Akarudi nyumbani akashindwa kula. Maana chupa ya mrututu ilikufa upesi, ikawa njano, ikawa nyeupe, na ile ya pili ikabaki kijani kibichi, imetulia, kama inamcheka. Boniphace alipita njiani akimwita kwa sauti, "Mwanafunzi! Mgonjwa wako anaendeleaje? Mbona mzima?" Wankyo akawa anajibu kwa ukali, "Ngoja!" lakini usiku na mchana alijiuliza kama mwalimu wake alikosea, na kama yeye, kwa kiherehere chake, amemfungia baba yake kamba shingoni.

Halafu asubuhi moja Boniphace hakumwita njiani. Alikuja mwenyewe mpaka mlangoni, mkono mfukoni umeshika ufunguo.

"Njoo uone," akasema.

Shingoni mwa chupa ya pili palikuwa na pete ya buluu. Kufika jioni chupa nzima ilikuwa buluu, na utando umeshuka chini kama unga mweupe. Boniphace akachota tone, akatia kwenye chupa mpya. Akachota na la mrututu, akatia kwenye nyingine. Ya mrututu ikabaki kijani, haikushtuka. Ya ugonjwa ikageuka buluu. Akachota tena tone kutoka hiyo, akatia kwenye ya tatu. Hiyo nayo ikageuka. Mwishowe Boniphace alikuwa anafika ofisini mapema kuliko karani, anainama dirishani, mikono nyuma.

"Kuna kitu kinaishi humu," alimwambia Wankyo siku moja, polepole, kama mtu anayejisemea.

"Kipo. Na hakikutoka kwenye kopo la baba yangu."

Boniphace akainamia chupa tena. Lakini Wankyo alimwona usoni kwamba amejua, akarudi nyumbani anaimba. Hapo ndipo alipokosea. Alidhani mtu akishajua, atasema.

Mwikwabe akarudi kutoka Butiama. Mkutano ukakaa mbele ya ofisi, na kibuyu kikaletwa, kimejazwa maji kutoka ghubani. Boniphace akasimama kueleza habari ya chupa, na kweli alieleza, hakuficha. Alisema ameweka kwa mkono wake, amefunga kwa kufuli lake, na si mrututu. Minong'ono ikapita. Wankyo akamtazama baba yake: sasa linakuja lile neno, Wanzagi hakutia kitu.

Halikuja. Boniphace alikuwa amelia mbele za watu hawa na kumtaja mzee wa watu kwa jina. Lile neno lilifika kooni likakwama, na badala yake likatoka lingine.

"Basi," akasema, "ikiwa hakuna aliyetia sumu, hakuna sumu. Na ikiwa hakuna sumu, kiapo hakina shida. Mzee Wanzagi anywe tu, tumalize."

"Nilisema!" Wanzagi akapiga paja, uso umemng'aa. "Si nilisema ni maji tu? Leteni!"

Wankyo akaona alichokifanya. Chupa zake zote, kutembea kwake kote mpaka Nyegina, vimewathibitishia watu jambo ambalo hakulisema. Kwa watu hawa sumu ilikuwa na mwenyewe, sawasawa na mbuzi au shamba. Ukiondoa mwenyewe, umeiondoa na sumu.

"Hapana!" akapaza sauti. "Sumu ipo! Utando wenyewe ulikuwa nayo mwilini, ulipopasuka imemwagika. Ng'ombe walikufa na nini?"

"Sumu ya nani sasa?" akauliza Mwikwabe, kwa mshangao wa kweli. "Sumu isiyo na mwenyewe ni sumu gani hiyo?"

"Ndiyo hiyohiyo! Haina mwenyewe na inaua vilevile! Hamuamini, mpeni kuku kwanza."

"Kiapo hakionjwi na kuku, binti," Mwikwabe akasema, na wazee wakaitikia kwa kichwa. Akampa Wanzagi kibuyu kwa mikono miwili.

Wanzagi akakipokea. Akamtazama Boniphace, akamtazama mkewe, akatabasamu kama bwana harusi. Penina akafunika uso kwa kanga.

Wankyo hakukumbuka baadaye alivyovuka uwanja. Alikumbuka mkono wake tu. Alikipiga kile kibuyu kikiwa tayari kimegusa midomo ya baba yake, kikaruka, kikaanguka kwenye jiwe, kikapasuka. Maji yakaruka pande zote, na yalipoelekea kwenye viatu vya Boniphace, Boniphace akaruka nyuma kama aliyeona nyoka.

Watu wakavigeukia vile viatu.

"Mbona umeruka, Ndugu Mwenyekiti?" Wankyo akauliza. Alikuwa anahema. "Si umesema ni maji tu?"

Mwanamke mmoja nyuma akacheka. Kisha mwingine. Boniphace akainama kuvikagua viatu vyake.

Lakini Mwikwabe hakucheka. Aliokota vipande vya kibuyu kimoja kimoja, akavifunga kwenye nguo, na aliposema sauti yake ilikuwa ya kazi.

"Aliyemwaga kiapo amekila," akasema. "Hiyo ndiyo desturi. Sasa si cha Wanzagi tena, ni chako wewe. Mvua za vuli zipite, na za masika zipite. Ng'ombe wa baba yako wasiguswe mpaka hapo. Ukifa, baba yako ana hatia. Ukiishi, aliyemshtaki ndiye mwenye hatia. Umesikia?"

Wankyo alikuwa amesoma, ndiyo, lakini alizaliwa hapohapo. Tangu mtoto alisikia majina ya watu walioliwa na kiapo. Aliogopa, na hakuona aibu kwamba anaogopa.

"Nimesikia," akasema. "Nitaishi. Tena nitaishi mpaka mnichoke."

Wanzagi hakumshukuru. Alimpita bila kumtazama, akapanda kilimani kwa ng'ombe wake, na mpaka likizo inakwisha hakumsemesha. Binti kumpiga baba yake mkono mbele ya kijiji kizima, jamani! Penina alibeba maneno kati yao. "Mwambie binti yako chumvi imekwisha." "Mwambie baba nimesikia." Kila alipomsikia baba yake akikoroma upande wa pili wa ukuta, Wankyo alifurahi mpaka akatamani kulia. Anune anavyotaka, ilimradi anakoroma.

Mwaka ule hakuna aliyeutunza uhai wake kama Wankyo alivyoutunza wake. Huko Dar es Salaam alivuka barabara akitazama mara tatu. Akashikwa na malaria kali, akalazwa, na wenzake walipomwona anang'ata shuka walidhani ni homa. Haikuwa homa. Alikuwa anamuwaza Boniphace amesimama mbele ya mkutano anasema, si mnaona? Akameza kwinini zote, na uchungu wake wote, akaapa kwamba mwaka huu hafi mtu.

Vuli ikapita. Masika yakapita. Ghuba ilikwisha kusafishika, na kina mama walikuwa wameanza zamani kuchota kwenye chemchemi ya Wanzagi, mpaka njia ikachongeka. Wankyo aliposhuka kwenye basi alimkuta Boniphace amesimama peke yake kituoni, kofia mkononi.

"Nipe sanduku nikubebee," akasema.

Wakatembea. Boniphace alikohoa, akahamisha sanduku mkono huu kwenda mkono ule.

"Yale maji," akasema mwishowe. "Kweli yangemuua?"

"Yangemuua."

"Na mimi ningesema nini?"

"Ungesema ulijua tu."

Boniphace akaendelea kubeba sanduku mpaka wakafika penye nyumba za kwanza. Hapo akasimama, akatazama huku na huku, akateremsha sauti.

"Nilikosa, Wankyo. Niliziona chupa kwa macho yangu. Nisamehe. Mfikishie na mzee. Tuyamalize hapahapa, mimi na wewe."

Wankyo alimwangalia. Alimwonea huruma, kweli alimwonea. Halafu akakumbuka mvua mbili nzima za kuogopa kufa, na baba yake akitabasamu na kibuyu mkononi.

"Ulipomshtaki baba yangu ulimwitia pembeni?" akauliza.

Hakungoja jibu. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya ofisi, ambako ringi ya lori ilikuwa imening'inizwa iwe kengele ya kijiji, ile ambayo mwenyekiti peke yake ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kuigonga. Akaokota chuma chake, akaigonga kwa nguvu zake zote, akaigonga tena na tena, mpaka milio ikapanda kilimani. Watu wakaja mbio, wengine na majembe, wengine na unga mikononi, wakiuliza moto uko wapi. Mwikwabe akaja akichechemea. Wa mwisho kabisa akaja Wanzagi, taratibu, fimbo begani, akawafanya wote wamngoje.

"Haya, Ndugu Mwenyekiti," Wankyo akasema, akatupa kile chuma chini. "Watu wako hao."

Boniphace akaweka sanduku chini. Akafungua mdomo, na lile neno lilipotoka lilikuwa dogo, la chinichini, hata wa mbele hawakulipata.

"Kwa sauti," Wanzagi akasema kutoka nyuma. "Mimi ni mzee, masikio yamechoka."